Ukurasa wa Tandala

Rukaya alitoka Kigoma kuja Makambako kuendesha tovuti ya mabasi ya Mzee Abdulatif, na mjini pale hakuwa na ndugu hata mmoja. Simu ya mezani ndiyo iliyomwita dada. Namba yake iliandikwa chini ya kila ukurasa wa safari. Wakinga, wenyeji wa Tandala huko Makete, wanaofanya biashara Dar, waliandika "basi la Tandala" kwenye mtandao, wakauona ukurasa, wakampigia. "Dada Rukaya, huko mvua imekata? Gari litapita?" Hulda, muuza vitenge Kariakoo, alipiga hata asiposafiri.

Mwaka 2008 kampuni ilibadili jina, tovuti ikahamia anwani mpya, na safari ya Tandala ikafutwa kwa sababu barabara ya udongo inakata springi. Ndivyo soko huria linavyotupenda: mapenzi yanaishia lami inapoishia!

"Ondoa kurasa za safari zilizokufa," Mzee aliagiza. "Anayezitafuta mpeleke ukurasa wa mbele. Tusipoteze nafasi yetu Google."

"Mzee, hivyo ndivyo wafanyavyo wapigadebe wa hapo stendi. Mtu kasema Tandala, wanamsukumia kwenye gari la Mbeya. Si atashuka? Google ikiona kila anayekuja anageuka, itatushusha na sisi."

"Binti, mimi nauza tiketi, siuzi Google. Fanya."

Akafanya. Simu ikanyamaza.

Jioni moja mwanamke aliingia ofisini akitetemeka kwa baridi, begi kichwani. Rukaya aliijua sauti kabla ya sura.

"Ndiye wewe, dada? Nimebofya Tandala, ikaja picha ya basi jipya, 'Tunafika kote.' Nikakata tiketi. Nimeshuka hapa wananicheka, eti gari la Tandala lilishazikwa! Na mama amelazwa kule hospitali, jamani."

"Hulda! Mbona hukupiga?"

"Namba yenyewe iko wapi siku hizi?"

Basi la Njombe lilikuwa limeshaondoka. Rukaya alimwandikia namba ya simu kwenye kiganja, akamtafutia nafasi kwenye lori la dereva mmoja, Hamis, lililokuwa likifuata viazi Makete. Kisha akarudi kwenye kompyuta bila kumuuliza mtu. Anwani ya zamani ya Tandala akaielekeza kwenye ukurasa mpya: "Basi letu la Tandala limeondolewa. Panda letu hadi Njombe. Pale tafuta gari la Makete, umwambie konda akushushe Tandala." Namba akairudisha chini. Kurasa za safari zisizo na njia mbadala akazifanya zijibu wazi kwamba ukurasa umeondolewa kabisa, Google izisahau.

"Unawatangazia wenye magari wengine kwa umeme wangu?" Mzee alifoka.

"Hadi Njombe ni basi lako, mzee. Na yule angelala wapi?"

Mzee alifunga vifungo vya koti, akatoka. Hakusema futa.

Ukurasa ukapanda hadi wa kwanza kwenye Google. Hulda alipiga kushukuru: alimkuta mama anakunywa uji.

"Umeeleza kila kitu, dada. Sasa hatuna haja ya kukusumbua."

Na kweli hawamsumbui. Upepo unapiga bati, kompyuta inanguruma, watu wanafika Tandala. Rukaya huinua mkono wa simu akasikiliza.

Laini ipo.