Sare ya Nywele

Sisi tunaojistiri nywele tuna kosa letu ambalo wenzetu hawana. Kwa kuwa hakuna anayeziona, tunadhani na zenyewe hazihitaji kitu. Kwa miaka nilizitendea zangu kama nguo za sandukuni: zipo, zimekunjwa, yaishe. Nikiamka alfajiri naoga, nazikamua maji kwa taulo, nazikusanya utosini, naziviringa kwa mpira mpaka macho yananivutika. Kisha kofia ya ndani, kisha mtandio, halafu mbio kuwahi treni ya kutoka Wheaton kwenda Takoma, huku ughaibuni, ambako nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Jioni nikifungua, bado mbichi. Mimi nilikuwa naona sifa, kwamba nywele zangu zinatunza maji.

Siku moja kitana kilipita utosini bila kukwama. Nikafurahi, nikasema leo zimelainika. Kikapita tena. Nilipochukua kioo kidogo na kukipa mgongo kile cha bafuni, nikaona kipara cha ukubwa wa kifuniko cha soda, kinang'aa, palepale lilipokuwa linakaa fundo langu la kila siku. Nililia, sioni aibu kusema. Nyumbani Tanga mimi ndiye niliyekuwa nikitajwa kwa nywele.

Daktari wa ngozi, mwanamke mweusi wa hapahapa, alinipapasa kichwa kwa ncha za vidole akasema mashina bado hai, ila nimeyachosha. Niache kufunga zikiwa zimelowa. Niache kuvuta sehemu ileile kila siku. Na rasta, kwa sasa, nizisahau, maana uzito wa nywele za bandia ungevimaliza vishina vichanga. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka pajae, tusidanganyane na kalenda.

Basi nikaanza upya. Naosha jioni ya siku yangu ya mapumziko, nazipa nafasi ya kukauka. Maji kwanza, mafuta baadaye, na mafuta yenyewe kidogo. Zamani nilikuwa namimina ya nazi utadhani nakaanga samaki. Mitindo nabadilisha. Wiki hii mabutu manne yamelala kisogoni, wiki ijayo twende kilioni za mkono mlegevu, siku nyingine mikia miwili chini ya masikio kama mwanafunzi. Fundo la utosini nimelipiga marufuku. Kofia ya ndani nimebadilisha, sasa ni ya satini, na kulala nalala na satini, mpaka mume wangu akauliza nani amemleta huyu mpishi kitandani. Nilikuwa nafurahia, nisiseme uongo. Ile saa yangu na kichwa changu, redio kwa sauti ya chini, hakuna mzee wa kunyanyua wala basi la kuwahi, ikawa ndiyo starehe yangu ya wiki. Na vinywele vikaanza kuchomoza, vigumu, vimesimama. Nilikuwa navipapasa hata kwenye treni, juu ya mtandio.

Ndipo ikaja harusi. Aliyekuwa anaolewa ni binti wa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayeishi Bladensburg. Wifi huyu ndiye msusi wetu sote. Nusu ya vichwa vya Watanzania wa upande huu vimepita magotini mwake. Ana mkono mwepesi, lakini anakaza: akikusuka leo, kesho hujui ulalie upande gani. Harusi ilikuwa na singo, ile siku ya wanawake kumsinga bibi harusi, ambapo mlango unafungwa, simu zinaachwa kapuni na mitandio yote inavuliwa. Wifi akaamua kwamba pamoja na sare ya madira tuwe na sare ya nywele. Rasta nyembamba mpaka kiunoni, wanawake wote wa nyumba.

"Mkivua," alisema, "nataka watu washike midomo."

Kwenye simu sikumwambia kitu. Wifi ni wifi. Ukimpa udhaifu wako anautungia wimbo. Zamu yangu ilipofika nikaenda, nikakaa kwenye mto katikati ya magoti yake, nikavua. Akapasua njia kwa kitana, akafika utosini, mkono ukasimama.

"Wee wifi! Hapa wamekula panya?"

"Hapo panaota. Daktari kanikataza rasta."

"Daktari anaijua singo?" Akacheka. "Tulia. Nitavuta za pembeni nipafunike, hata mumeo hatajua."

"Mume wangu anajua. Usipaguse."

Lakini alikwisha kuvishika vile vinywele, na rasta tayari iko begani kwake. Kichwa chote kilinisisimka. Kama ningenyamaza, ningeondoka pale na nywele za kiunoni, watu wangenisifu, na kazi yangu ya miezi yote ingeishia kwenye zulia la wifi. Nikamshika mkono.

"Hapana, wifi. Sisuki."

Bibi harusi mwenyewe alikuwa kwenye kochi na simu yake. Amezaliwa hukuhuku, Kiswahili anakisikia chote, kukijibu ndiyo kazi. "Mom, leave Aunty alone," akasema. "It's her hair."

"Wewe nyamaza, kwani unaolewa wewe?"

"Yes, Mom. Ni mimi."

Tukacheka wote watatu, ila wifi hakucheka mpaka mwisho. Alizirudisha zile rasta kwenye pakiti polepole. "Watu watasema nimekubagua," alisema. "Mke wa kaka yangu, peke yako bila sare." Nikamjibu kwamba nitawaambia mwenyewe. Nilirudi nyumbani na basi, nawaza njia nzima, maana kumkatalia wifi mkubwa kwenye harusi ya mwanawe si jambo dogo kwetu.

Singo ilifanyika mchana, ukumbi wa chini wa jengo lao. Madirisha yalizibwa kwa khanga, na harufu ya udi na karafuu ilikupokea tangu kwenye ngazi. Mitandio ikavuliwa kwa vigelegele, rasta zikamwagika viunoni, nyeusi, zimetulia. Zilipendeza, siwezi kumnyima wifi haki yake. Mimi nilibaki nimeshika pini kidevuni. Niliogopa. Kisha nikaona nikisimama hivi mpaka mwisho nitakuwa kichekesho zaidi, nikavua.

Nilikuwa na mabutu mafupi, na katikati ya utosi kile kishungi cha nywele changa kimesimama wima. Macho yakanijia. Mama mmoja wa Mombasa akauliza, "Na weye mbona hukusukwa? Mumekosana?"

"Wifi alitaka, mimi ndiye niliyekataa," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Nilikuwa na kipara hapa, ndio kwanza panaota. Njoo uguse."

Akaja kweli, akagusa. "Ala! Zadunga!"

Wakacheka, wawili watatu nao wakaja kugusa, mmoja akauliza ni mafuta gani, kisha ngoma ikapigwa na habari yangu ikaisha. Nilicheza mpaka dira likaning'ang'ania mgongoni. Nilimsinga bibi harusi mikono yote miwili. Sijui ni lini nilifurahi namna ile.

Wifi peke yake ndiye aliyekuwa bado na mtandio, ameukaza, jasho linamtoka, anapita na masinia ya biriani. "Vua basi, utayeyuka!" nikampigia kelele. Akajibu, "Na biriani atapakua nani?" Nikaona kweli, mama wa bibi harusi hana raha siku hiyo.

Harusi ilipita salama. Baada ya hapo, Jumamosi moja, kengele ya mlango wetu ikalia. Wifi, peke yake, bila kupiga simu kwanza. Nikajua amekuja kunipa maneno yangu. Aliuliza kama kaka yake yupo, nikamwambia ametoka kwenda dukani. Akafunga mlango kwa mkono wake, akavua mtandio.

Mbele hakukuwa na nywele. Kuanzia kipajini mpaka juu ya masikio, pande zote mbili, ilikuwa ngozi tupu, na rasta zake zilianzia huko nyuma zikivuta kile kilichobaki.

"Usicheke," alisema.

"Nicheke nini?" Nilikuwa na utani tayari mdomoni, nikaumeza.

Nikatupa mto sakafuni. Aliutazama kwanza, maana kwenye mto yeye hukalisha watu, hakai. Kisha akakaa katikati ya magoti yangu. Tukafumua rasta zote, moja moja, bila haraka. Nikampulizia maji, nikampaka mafuta kidogo, nikachana kuanzia nchani. Mabega yake yalikuwa yamepanda, anasubiri kuvutwa. Alipoona havutwi, yakashuka.

"Nani alikusuka mara ya mwisho?" nikamuuliza.

"Najisuka. Nani mwingine?"

"Kabla ya hapo."

"Mama. Asubuhi ya kuondoka. Alinikaza mpaka nikatoa machozi. Alisema naenda mbali, zikifumuka hatakuwepo wa kunisuka tena."

Hawakuonana tena. Mama mkwe wangu alifariki wakati binti yake bado anasubiri karatasi za ukaazi huku. Nikaendelea kusuka.

Nilimfunga mabutu makubwa, yaliyolegea, mbele sikugusa kabisa. Nilipomaliza akapeleka mkono kichwani, akabonyeza huku na huku kama msusi anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Zitafumuka hizi, wifi. Hata wiki haziishi."

"Zifumuke," nikamwambia. "Utakuja nikusuke."