Mkwe Aliyeleta Kuku Kila Jumamosi

Shangazi yangu ana hoteli ndogo ya chakula mjini Kitale, kando ya soko, na kwa miaka michache mimi ndiye niliyekaa mlangoni kupokea pesa. Mpishi wetu alikuwa mtu wa Bungoma, upande wa Mabanga. Mpole, msafi, na mchuzi wake uliwafanya watu walambe vidole mbele ya wakwe zao. Kila Ijumaa jioni alipokwenda kwake alibeba ndoo ya makombo, mifupa na ukoko wa ugali.

"Ni ya mbwa, Mama," alikuwa akimwambia shangazi.

Shangazi alipenda mtu anayehurumia wanyama. Siku nyingine alimwongezea ukoko yeye mwenyewe.

Kisha wezi wakaingia kwa shangazi nyumbani, wakaondoka na wilbaro. Akaamua kufuga mbwa, tena si mbwa wa hivi hivi. "Wale wa mpishi wamekula kwangu muda wote huu," alisema. "Lazima wawe kama simba. Atanipa mtoto mmoja."

Jumamosi moja tulikuwa Bungoma kwa harusi, na wakati wa kurudi tukapitia kwa mpishi bila kumpigia simu. Tulimkuta sebuleni na baba mkwe wake, mzee wa Bokoli aliyevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Mpishi alipotuona alisimama, akakaa, akasimama tena. Mkewe, ambaye hakujua lolote, alitukaribisha kwa shangwe na kutuletea kuku. Shangazi akaombwa abariki chakula. Aliomba kwa kirefu, akamkumbuka hadi aliyekileta.

Alionja mchuzi. Akaonja tena, akaniangalia. Lakini kwetu kuku wa mgeni hakataliwi, kwa hiyo alikula mpaka akausafisha mfupa wa mwisho. Ndipo akaigeuza sahani. Chini yake palikuwa na alama ya rangi nyekundu, ile tuliyopaka vyombo vyote vya hoteli ili visipotee.

"Na mbwa wako wapi?" aliuliza taratibu.

"Mbwa gani, Mama?" mke wa mpishi alishangaa. "Hapa hatujawahi kufuga mbwa."

Mzee akacheka. "Mbwa wa nini? Mkwe wangu ananiletea kuku kila Jumamosi! Wenzangu kule Bokoli wananionea wivu, bana."

Mpishi alikuwa anatazama sakafu kama anayetafuta mlango ndani yake. Shangazi alishukuru kwa chakula, akaaga kila mtu kwa mkono. Jumatatu mpishi alikamatwa jikoni, aproni ikiwa bado shingoni.

Mahakamani alikiri mara moja. Nyama ilikuwa ikisafiri kwenye mkebe ndani ya ndoo, chini kabisa, ukoko juu. Shangazi alikuwa amevaa nguo ya kanisani, tayari kusikia habari za jela. Hakimu akasema kwamba mshtakiwa amekiri, hana kosa la awali na ana watoto, hivyo atafanya huduma kwa jamii: kufagia soko na kuzibua mitaro kwa miezi mitatu.

"Kufagia!" shangazi alifoka tulipotoka nje. "Hata mimi nafagia kila siku, na sijaiba kitu!"

Hotelini kesi iliendelea bila hakimu. Mwalimu mmoja mstaafu alisema adhabu laini inazaa wezi. Kijana wa bodaboda akamjibu, "Si alikula tu kuku, mwalimu? Wanaokula barabara nzima wako nje." Wote walikubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba mchuzi wa mpishi mpya haukuwa mchuzi.

Shida ni kwamba soko lenyewe lilikuwa mbele yetu. Kila asubuhi mpishi alifagia mlangoni petu, na kina mama walioleta mboga kutoka Kamukuywa, upande wa kwao, walimjua. "Niaje, shemeji! Mbwa hawajambo?" Wiki ya pili aliingia, ufagio mkononi, akasimama mbele ya shangazi.

"Mama, si uniombee kwa hakimu nifungwe tu? Kule ndani angalau hakuna mtu wa kwetu."

"Fagia," shangazi alimwambia. Lakini niliona mdomo wake ukitaka kucheka.

Kisha yule mzee akaja. Aliingia saa ya chakula cha mchana, koti lile lile, amebeba kuku hai waliofungwa miguu, wakining'inia vichwa chini katika kila mkono. Hoteli nzima ikaacha kutafuna.

"Mama," alisema, "nilikula vyako bila kujua. Nimeleta."

"Mzee, wewe hukuiba. Sichukui."

"Nitarudi nao vipi Bokoli? Niseme nini? Chukua!"

Walisukumiana kuku mpaka kamba moja ikalegea. Jogoo akaruka juu ya meza, akakanyaga ugali wa mwalimu mstaafu, akaelekea jikoni. Mpishi alikuwa nje akifagia. Alitupa ufagio, akaingia mbio, akamnasa jogoo hewani kwa mikono miwili. Halafu akainua macho na kumwona baba mkwe wake.

Mpishi alianza kutetemeka, na jogoo akatetemeka naye.

"Mshike vizuri," mzee alisema. "Huyo si wako."

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, kisha sote, isipokuwa wale wawili. Mpishi alilia pale pale mbele ya wateja, jogoo kifuani. Mzee alimwacha alie, kisha akamwambia, "Ukimaliza kazi ya serikali, njoo nyumbani tuongee."

Shangazi aliwapokea kuku. Alisema alipouona uso wa mzee alielewa kwamba kumkatalia kungekuwa kumwaibisha mara ya pili.

Hakumwajiri mpishi tena, ingawa wateja walimsihi. Siku hizi mpishi ana kibanda chake Kamukuywa, anauza githeri ya mahindi na maharagwe. Mwaka huu tulipita pale. Mkewe alitupakulia, yeye akabaki nyuma ya sufuria akifuta kifuniko kilichokwisha kukauka. Njiani nilimuuliza shangazi kama bado anaona hakimu alimhurumia mno.

"Hakimu hakuonja ule mchuzi nilioubariki," alinijibu, akaniambia niendeshe, mvua inakuja.