Mutoto Niliyemupa Mwenye Kinga

Kila Jumatano ninasimama mbele ya wamama wa kikundi chetu, hapa Kindu, ninawaambia waache wasichana wamalize masomo. Mimi shule nilifika mwaka wa tatu tu, lakini sauti ninayo, na wananisikiliza. Kuna moja siwaambii: binti yangu mwenyewe, njo mimi nilimutoa shuleni.

Ilikuwa wakati wa vita. Treni haikuja tena, chumvi ilipimwa kwa kijiko, na askari walipita nyuma ya nyumba wakiita wasichana kama muntu anaita kuku. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tano, wa kwanza darasani, wakubali wasikubali. Muchuuzi mumoja wa njia ya Pangi akaja kumuomba. Alikuwa na kinga, baiskeli yenye kiti cha chuma nyuma, na wakati ule mwenye kinga aliweza kukimbiza bibi yake porini askari wakifika. Nikajiambia, huyu atamutoa hapa. Sikumuuliza mutoto. Nilimufunga kikwembe changu kiunoni, nikamupandisha nyuma. Daftari zake tulifungia karanga za kuuza.

Askari hawakumushika. Hilo ninalishikilia mpaka leo. Lakini kalamu hakuigusa tena.

Bwana yake alishakufa. Mutoto wao wa kike, mujukuu wangu, mwaka huu iko darasa la mwisho la sekondari, na ana akili kama mama yake. Nikimuona na uniforme yake shingo yangu inarefuka. Ilikuwa imebaki miezi miwili afanye mutihani wa Serikali, wakaja watu wa kijana mumoja mwenye pikipiki kumuomba, na vitenge, na mbuzi. Wakasema watarudi Jumamosi kuchukua jibu. Jibu lilikuwa la binti yangu.

Ijumaa nikamukuta anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Utawajibu nini?"

"Mama, weye ulinipa kinga. Huyu iko na pikipiki. Si tumepanda?"

Akacheka peke yake. Maneno yangu ya Jumatano nikayaacha.

"Nilikosa," nikasema. "Niliogopa askari. Lakini ilifaa nikuulize."

Akatwanga kwanza, kisha akasema, "Ungeniuliza ningekataa. Na pengine wangenichukua. Sijui, mama. Kutojua njo kunanichokesha."

Hakusema amenisamehe. Nami sikumuomba.

Jumamosi wakarudi. Binti yangu akawapa viti, akawapa maji, akamuita mutoto wake.

"Muulizeni mwenyewe."

Baba mudogo wa kijana akakunja uso. "Mama, tangu lini mutoto anaulizwa?"

"Tangu leo."

Hapo njo nilishituka. Na akikubali je?

"Ninataka kufanya mutihani kwanza," mujukuu wangu akasema.

Kwanza. Baba mudogo alilishika neno hilo, akaondoka na mbuzi wake akitabasamu, kama muntu aliyeahidiwa. Binti yangu akarudi jikoni. Mimi nilibaki nimekaa. Tangu siku ile ninataka kumuuliza mujukuu wangu, ni kwanza, halafu nini? Sijamuuliza. Nikimuuliza, itabidi nikubali atakachonijibu.