Safu ya Chale

Kila daktari niliyefanya kazi chini yake alikuwa na kiungo chake. Mtu wa nje akiona koti jeupe hudhani madaktari wote ni wamoja. Si kweli. Yule niliyemkuta Embu nilipoajiriwa alikuwa mtu wa mifupa. Mgonjwa wa kifua alimchosha upesi, lakini aletewe mguu uliovunjika mahali patatu, ungemsikia akipiga mluzi. Kule Meru kulikuwa na mwingine aliyependa macho, na siku za soko alishuka hadi Kianjai kufunua kope za watu waliokuja kuuza njugu zao. Alikuwako pia mama mmoja daktari aliyepima watoto wachanga kila wiki, na mtoto asipoongeza uzito alimkasirikia kana kwamba kafanya makusudi. Sisi wasaidizi tuliwaita kwa viungo vyao wakiwa hawapo. Tulisema leo Mifupa kaamka vibaya, au Macho anakuja Ijumaa.

Mimi nilikuwa msaidizi wa Bandama.

Bandama, ambayo wengine huiita wengu, hukaa chini ya mbavu za kushoto, na kwa mtu mwenye afya huwezi kuigusa. Malaria ikimrudia mtoto msimu baada ya msimu, bandama huvimba ikashuka chini ya mbavu hadi ukaipata kwa vidole. Daktari wangu alikuwa mtoto wa mkulima huko kwao Ulaya. Alipomaliza masomo vita vilimchukua hadi Burma, na huko, alivyonieleza, aliona homa ikiwaua askari wengi kuliko risasi. Tangu hapo hakuwa na hamu ya kitu kingine. Alikuja kwetu miaka ya Hali ya Hatari, wakati wazungu wenzake walikuwa wakiuliza nani kala kiapo cha kuwapinga na nani anawapelekea chakula watu wa msituni. Yeye aliuliza watoto wa Mbeere, kule nyanda za chini, bandama zao zimeshuka vidole vingapi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilizaliwa Kianjai, nikasomea shule ya misheni Kaaga, nikafundishwa kutazama damu kwa hadubini, na kwa ajili hiyo nilikuwa na barua ya kazi iliyonipitisha kwenye vizuizi vyote vya barabarani. Vijana wa rika langu walikuwa wakichimba handaki kuzunguka vijiji vyao, homgadi, mwenyeji aliyepewa bunduki na serikali, akiwasimamia. Mimi nilipanda gari na daktari, nimevaa kaptula iliyopigwa pasi. Sitajifanya kwamba sikuifurahia tofauti hiyo. Niliifurahia sana.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Tulifika kijijini asubuhi, akina mama wakawapanga watoto foleni, na daktari akachuchumaa. Mtoto alisimama mbele yake, shati juu. Daktari alipasha vidole joto kwa kuvisugua, akavisukuma taratibu chini ya ubavu wa kushoto, akamwambia mtoto avute pumzi. Kisha alinitajia. Vidole viwili. Vidole vinne. Hakuna. Nami niliandika katika rejista kubwa yenye jalada la kitambaa, kwa mwandiko niliochapiwa sana Kaaga hadi ukanyooka. Rejista ilikuwa na safu nne: jina la mtoto na la baba, umri, vidole, na chale.

Safu ya chale daktari aliiongeza baada ya mwezi wa kwanza. Aliona kwamba watoto wengi wenye bandama kubwa walikuwa wamechanjwa chale ndogondogo pale pale juu ya uvimbe na kupakwa dawa nyeusi. Mwingine angecheka au angekaripia. Yeye alifurahi. Alisema aliyewachanja anajua bandama ilipo bila kusoma kitabu chochote, akataka kumwona.

Wakamleta. Alikuwa mzee mwembamba, mundu mugo kama tunavyowaita waganga huku kwetu, na hakuonekana kuogopa wala kujigamba. Daktari alimwachia mtoto mmoja ampapase. Mzee aliweka mkono mara moja tu, akaonyesha kwa ukucha mahali bandama inapoishia, na daktari alipopapasa baadaye alikuta ni pale pale. Wakatazamana wakacheka, hawa wawili wasiokuwa na lugha moja, na mimi katikati nikitafsiri. Nilikuwa nimekerwa. Nilifundishwa kwamba mganga ni giza na sisi ni mwanga, sasa mwanga wenyewe ulikuwa umechuchumaa ukicheka na giza.

Daktari alianza kuamini kwamba wingi wa chale ungemwonyesha mtoto ameugua mara ngapi. Akaniagiza nihesabu chale za kila mtoto na kuandika namba.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu mtoto hahesabiwi. Mama yangu hakuwahi kusema ana watoto wangapi. Alipoulizwa alijibu wapo, Mungu amewaweka. Huko Mbeere nilikuta ni vivyo hivyo, na zaidi: kuhesabu alama zilizo kwenye mwili wa mtoto kulikuwa sawa na kumwonyesha kifo mahali pa kuingilia. Mama hawakuhesabu, baba hawakuhesabu. Nami nilikuwa Mkristo niliyebatizwa, na nilidhani mambo hayo nimeyaacha nyuma pamoja na kulala kwenye ngozi. Lakini nilipoinama kwa mtoto wa kwanza na kuelekeza kidole, mkono ulikufa ganzi. Niliona haya kumwambia daktari. Msaidizi wake wa hadubini, anayeogopa kuhesabu.

Basi niliandika namba tu. Niliandika saba.

Kwa nini saba, nimejiuliza miaka yote hii. Wazee wa huku waliikwepa saba. Ilikuwa namba ya laana na ya uchawi, mtu hakupenda hata kuitamka. Kumbe ndiyo sababu niliichukua. Kaaga nilifundishwa kwamba saba ni namba ya Mungu, siku saba, mikate saba, na nilitaka kujionyesha mwenyewe kwamba mimi ni wa upande ule. Niliandika saba kwa mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukurasa mzima na unaofuata. Daktari mwenyewe hakuzihesabu, vidole vilimtosha, na alipoona namba haibadiliki hakunishuku. Alisema basi chale hazihesabu maradhi, ni desturi, ni kanuni ya mganga, na hilo lenyewe ni jambo la kuandikwa. Akanisifu kwa rejista safi. Alisema ataniombea nafasi ya masomo Nairobi.

Mwezi mmoja baadaye daktari alikwenda Meru siku tatu kumtembelea yule wa macho. Siku ya pili alikuja hospitalini kwetu Embu afisa kijana wa kuchuja watu, yule aliyewahoji wanaoshukiwa kula kiapo. Alikuwa amesikia kwamba huko chini kuna mtu anachanja watu. Akauliza kama daktari ana habari. Nikamletea rejista. Hakunilazimisha, sikuonyeshwa bunduki. Niliibeba mwenyewe kwa mikono miwili nikaifungua juu ya meza, kwa sababu ilikuwa safi na nilitaka mzungu mwingine aione.

Alipitisha kidole kwenye safu ya mwisho. Saba, saba, saba. Sikujua kwamba wachujaji walikuwa wameambiwa kiapo hutiwa muhuri kwa chale saba. Yeye alijua.

"Hii saba," akasema, "nani nafanya?"

Nikamtajia mzee, jina lake na la baba yake na kijiji, kama nilivyozoea kumjibu daktari. Aliandika, akanishukuru, akaitia rejista kwapani, akaenda zake. Nilirudi kwenye hadubini yangu.

Mzee alichukuliwa siku hiyo hiyo mchana. Habari zilinifikia kesho yake kupitia mama mmoja aliyemleta mtoto mwenye homa, naye aliniambia kwa sauti ya chini, macho chini, maana mimi nilikuwa mtu wa serikali. Alisema wamemchukua kwa sababu ya chale saba. Mtoto wake alikuwa mmoja wa wale tuliowapima. Nilimlaza juu ya kitanda cha kuchunguzia, nikamwambia mama akamngojee nje. Nikapandisha shati la mtoto. Safari hii nilihesabu, kidole juu ya kila chale, kwa sauti.

Zilikuwa sita.

Nilihesabu tena kutoka upande wa pili. Sita. Nilimpa mtoto dawa yake, nikamwita mama yake amchukue.

Daktari aliporudi alikasirika nisivyowahi kumwona. Hakuvua hata koti la safari. Aliingia garini akaenda kwenye kambi walikozuiliwa washukiwa wa kiapo kumtoa mzee. Alirudi jioni bila mzee. Kule walikuwa wamemwonyesha kitabu chake mwenyewe. Aliketi mbele yangu, akanitazama kwa utulivu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Hizi chale, wewe nahesabu mwenyewe?"

Kulikuwa na nafasi pale. Nimeipima mara nyingi na naujua ukubwa wake. Ilitosha neno moja. Ningesema hapana na angewasha gari tena. Lakini pia angejua kwamba kurasa zake zote ni uongo wangu, na mimi ningerudi Kianjai bila barua ya kazi, nikachimbe handaki na wenzangu, au nikaulizwe kwa nini nilidanganya kwenye kitabu cha serikali.

"Nilihesabu, bwana," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Hakuniuliza tena, wala hakwenda tena kambini. Nadhani aliogopa kwamba amecheka pamoja na mtu wa kiapo na kumpenda. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sijawahi kuomba pole. Nasema tu kwamba yeye hakuwa na kosa isipokuwa kuniamini.

Nilikwenda Nairobi kama alivyoahidi. Nilipokuwa huko daktari alichapisha utafiti wake katika jarida la wenzake na kunitumia nakala, jina langu likiwa chini kabisa kwenye shukrani. Ukurasa wa nne ulisema kwamba waganga wa nyanda za chini huchanja chale saba juu ya bandama, bila kupungua wala kuzidi. Hata leo jambo hilo halijasahihishwa. Nimewahi kukutana na daktari kijana aliyelisoma chuoni, akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa zamani, saba maana yake ni nini. Nilimwambia nimesahau.

Mzee alifia kambini kabla ya mvua za pili. Mwili wake haukurudishwa. Nilipomaliza masomo nilirudishwa Embu, na kwa miaka nilipapasa watoto kwa mikono yangu mwenyewe, maana daktari alikuwa amehamishwa. Kila mtoto aliyekuja na chale nilimhesabu kimyakimya. Sita. Mwingine alikuwa na nne, waganga wengine walikuwa na kanuni zao. Saba sikuiona hata siku moja. Nilikuwa nikiamka asubuhi na kile kidole cha yule afisa kinateremka ukurasani mbele ya macho yangu, na chai haishuki. Mke wangu alidhani ni vidonda vya tumbo, nikanywa dawa ya vidonda.

Vijiji vya lazima, vile vilivyozungushiwa handaki, vilipovunjwa na watu kurudi kwenye mashamba yao, niliamua kwenda kwa mjane wa mzee. Nilimkuta akitwanga mtama uani kwake. Nilijitambulisha kwamba ndimi niliyeandika kitabu cha daktari. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata kulaaniwa. Aliniletea kigoda.

Akaanza yeye. Aliniambia aliruhusiwa kumwona mumewe mara moja tu, kupitia waya. Mzee hakulalamika juu ya wazungu wala juu yangu. Mwanzoni alikataa kwamba amewahi kuchanja saba. Kisha walimfungulia kitabu, na hakujua kusoma, lakini alimjua daktari, akaamini kwamba mtu aliyejua kupapasa vile hawezi kuweka uongo kitabuni.

"Alisema ni mkono wake umezeeka," akaniambia. "Hakuwa mtu wa kuhesabu. Kila chale ilikuwa na neno lake, analisema ndipo anachanja. Akasema basi ameongeza moja bila neno, kwa kila mtoto, na hiyo ndiyo iliyo mbaya. Alinituma nipite nyumba kwa nyumba nikaombe msamaha. Nilipita."

Nilimwambia. Nilimwambia yote: kwamba sikuhesabu, kwamba saba niliitoa kichwani, kwamba nilihesabu chale za mtoto mmoja wakati mzee akiwa bado hai kambini, nikanyamaza, na daktari aliponiuliza nikadanganya mara ya pili. Nilisema kwa haraka, nimeinamisha kichwa. Nilipomaliza alikuwa ameweka chini mchi wake.

Akaanza kuyasema maneno ya mumewe, polepole, moja moja, midomo ikienda kwa mazoea. Sikumwelewa yote, ilikuwa Kimbeere cha zamani. Nilisikia tu kila neno linapoisha. Baada ya la sita alinyamaza, akangoja kidogo kuona kama kuna jingine, na hakukuwa na jingine.

"Alikufa akijiona mchawi," akasema. "Hayo ungemwambia yeye, mwanangu."