Mama Tiki na Mapigo Mia na Sabini

Mtaani kwao hakukuwa na fundi makochi aliyemfikia Mama Tiki. Kochi likifika kwake limekonda, springi zimetokeza kama mbavu, baada ya siku nne lilitoka limenona na mwenyewe halitambui. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu cha chini ya ghorofa, kimejaa sponji na marobota ya kitambaa, naye alifanya kazi pini zikiwa mdomoni na maneno yakipita katikati ya pini hizo bila kugusa hata moja. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa ulimi.

Jina hilo alilipata baada ya upasuaji. Miaka kumi na mmoja nyuma, madaktari walimfungua kifua wakatoa vali ya moyo iliyochoka, wakamwekea ya bandia, kitu kigumu kidogo kama kifungo cha koti. Vali ile ilifanya kazi yake vizuri, ila ilikuwa na kelele. Kwenye chumba kimya, aliyekaa karibu naye alisikia tiki, tiki, tiki. Mwingine angeona haya. Yeye alizifanya mtaji wa vichekesho. Wajukuu aliwaambia kwamba alipokuwa mdogo alikataa kuamka kwenda shule, mama yake akamlisha saa. Siku moja kwenye lifti, kijana mmoja alisikia mlio, akautazama mkoba wa Mama Tiki, akamtazama usoni, akashuka ghorofa ya tatu ilhali alikuwa amebonyeza ya tisa. Mama Tiki alimpungia mkono mlango ukifungwa.

Basi alikaa na moyo wake hivyo, kwa amani, mpaka siku ya ngazi.

Mteja mmoja aliishi ghorofa ya nne, na jengo lake halikuwa na lifti. Wabebaji wawili walitangulia na kochi, Mama Tiki akafuata na mito miwili tu, na nyuma yake akaja dada yake mkubwa, ambaye hakuwa na kazi pale isipokuwa umbea. Dada huyo alimzidi miaka sita. Walipofika ghorofa ya pili, Mama Tiki akasimama, akajifanya anachunguza mshono wa mto. Dada yake akampita. Alipofika juu, akainamia ukingo wa ngazi na kuita kwa sauti ya kusikika jengo zima:

"Mdogo wangu! Nikuitie wale wabebaji wakirudi wakubebe?"

Neno lile lilimchoma kuliko sindano yoyote ya makochi. Na alipombana dada yake, siri ikatoka: bibi yule wa miaka sitini na mitano alikuwa akienda mazoezi siku tatu kwa wiki, asubuhi, kwenye ukumbi wa jumuiya karibu na uwanja wa mpira.

Jumatatu iliyofuata Mama Tiki alikuwa mlangoni mwa ukumbi ule, na raba mpya miguuni. Kocha, binti mmoja mchangamfu mwenye filimbi shingoni, alimpa fomu ajaze. Swali la tatu lilisema: Je, umewahi kufanyiwa upasuaji? Mama Tiki akailamba kalamu, akawaza, akaandika: Ndiyo. Jino.

Dada yake aliichungulia fomu. "Wewe! Utasema uongo mpaka kwenye karatasi?"

"Nimesema uongo wapi? Jino si nilitolewa?"

"Na kifua?"

"Hawakuuliza kifua. Nyamaza, dada, kocha anakuja."

Ukweli ni kwamba alijua akiandika kifua atarudishwa nyumbani kukaa, na kukaa alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja. Kidonda cha upasuaji kilipopona, kila mtu alimwambia ajihadhari, asinyanyue kitu, asiharakishe. Alitii mpaka mwili ukasahau kazi nzito.

Mazoezi yalimkolea. Muziki ulipigwa kwa nguvu, watu thelathini walirukaruka, na yeye alijiweka mstari wa mbele ili dada yake aone kisogo chake tu. Moyo ulikwenda mbio, ni kweli. Ulikwenda mbio hata baada ya wenzake kunywa maji na kuanza kupiga soga, na yeye bado ameshika kiti. Lakini alijiambia kwamba jasho ni jasho.

Kilichoharibu mambo ni zawadi. Binti yake, mwalimu wa kemia katika mji mwingine, alimletea saa ya mkononi, ile inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Mama Tiki alishukuru sana. Hakuambiwa kwamba kila saa ile ilichoona, simu ya binti nayo ilikiona.

Jumatano, katikati ya kuruka, simu ikalia. Akaipokea akihema.

"Mama! Moyo wako unapiga mara mia na sabini! Uko wapi?"

"Niko... karakana. Napigilia... misumari."

"Misumari gani hiyo yenye muziki?"

Akakata simu. Lakini alijua binti yake si mtu wa kuachia jambo hewani, kwa hiyo hakungoja kudaiwa maelezo. Mchana uleule alipata ufumbuzi. Mumewe alikuwa mstaafu, mkaguzi wa tiketi za treni wa zamani, mtu aliyesimama miaka thelathini na tatu kwenye mabehewa na sasa alikuwa analipiza kisasi kwa kulala. Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda ukumbini, Mama Tiki alimvisha mumewe saa ile kwenye kochi.

"Ya nini hii, mke wangu?"

"Inaongeza nguvu za kiume. Usiivue."

Mzee hakuivua, wala hakuondoka kochini. Ikapita Ijumaa, ikapita Jumamosi. Jumapili jioni simu ya binti ikaja kwa sauti ya mtu aliyekuwa analia.

"Mama, u mzima? Tangu juzi umepiga hatua tisini na nne tu! Siku tatu! Unaumwa hunijulishi?"

Mama Tiki akaona amekwepa mvua akaingia mtoni. Mume hafai, amezidi kutulia. Usiku huo akaichukua saa, akaanza majaribio karakana, na katika kuchezacheza akaifunga kwenye mkono wa kochi la mteja, juu ya kitambaa cha mahameli. Taa yake ya kijani ikamulika. Saa ikafikiri kidogo, kisha ikaandika: sabini na nane.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kochi lilikuwa na moyo, tena mzima kuliko wake! Toka siku ile hakuwa na haja ya kuiamini saa, na alipokwenda ukumbini aliiacha imelala kwenye mahameli. Akaruka kwa uhuru wote.

Lakini mficha maradhi, kilio humfichua; na huyu hata kilio hakikungojwa, kilitosha kimya. Asubuhi moja kocha aliamua kuwapima wanafunzi wake, akawapa dakika kumi za mfululizo, za kasi kuliko siku zote. Mama Tiki hakutaka kubaki nyuma. Dakika ya nane, ukuta wa mbele ulianza kumsogelea na kurudi. Dakika ya tisa alisikia mikono yake iko mbali. Kisha kocha akazima muziki ghafla, akasema, "Simameni, fumbeni macho, pumueni, nataka kimya kabisa."

Ukumbi ukanyamaza. Na ndani ya kimya kile, mbele kabisa, ukasikika mlio: tikitikitikitikitiki.

Mtu mmoja akafumbua jicho. Mwingine akatazama dari. Kocha akaenda kwenye redio, akaitikisa, akaweka sikio. "Nimeizima hii, au?"

"Si redio," akasema mama mmoja wa mstari wa pili akirudi nyuma. "Unatoka kwa huyu mama."

Mama Tiki alijaribu kusema kwamba alilishwa saa utotoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, maneno hayakutoka. Alifungua mdomo, pumzi ikaja, sentensi ikabaki. Hapo dada yake ndipo alipoogopa. Alimfikia kabla ya kocha, akamkalisha kwenye mkeka, akamshika kiganja.

"Ana vali ya chuma," alimwambia kocha. "Alipasuliwa moyo. Lile jino ni uongo."

Ilichukua muda mrefu mlio ule kupungua. Watu thelathini walikaa chini kuuzunguka, wakiusikiliza kama taarifa ya habari, na ulipofika mwendo wa kawaida wakajikuta wanapiga makofi. Kocha hakupiga. Uso wake ulikuwa umepauka. "Mama," alisema, "hukanyagi hapa tena mpaka uniletee karatasi ya daktari. Ungenifia hapa, ningewaambia nini watoto wako?"

Mama Tiki aliukubali mkono wa dada yake ili ainuke, na hapo akajua mambo yamekuwa mabaya kweli.

Siku mbili baadaye waliingia kliniki ya moyo kama msafara wa harusi: yeye, mumewe, dada yake, na binti aliyepanda basi la alfajiri na ambaye hakumsemesha mama yake njia nzima. Daktari, mwanamke mwembamba aliyemfuatilia tangu upasuaji, alimpiga picha ya moyo, akampima damu, kisha akambandika nyaya kifuani na kumpandisha kwenye mashine ya kutembelea. Mama Tiki alitembea. Mkanda ukaongeza mwendo, namba kwenye skrini zikapanda: mia na kumi, mia na thelathini na tano, mia na hamsini. Safari hii hakukuwa na muziki wa kujifichia, wala mtu wa kumringia. Alikumbuka miezi ile kabla ya upasuaji, alipokuwa hawezi kuzima kiberiti kwa kupuliza. Mikono yake ikaubana ukingo wa mashine.

Iliposimamishwa, alikalishwa kwenye kitanda cha vipimo, daktari akakaa mbele yake. "Vali yako ni nzima. Haivuji, wala haina damu iliyoganda. Lakini moyo wako unakwenda mbio kupita kazi unayoupa, na unachelewa kutulia. Niambie kuhusu vidonge."

"Kile cha kulainisha damu sijakosa hata siku moja," alijibu haraka.

"Na kile cha kutuliza mwendo wa moyo?"

Mama Tiki akatazama dirishani. Dirishani hakukuwa na kitu.

"Mama," binti yake akasema polepole.

"Kilikuwa kinanifanya mzito asubuhi! Nashika nyundo kama nimeshika nguzo. Nikakiacha."

"Tangu lini?"

"Tangu... ule mwaka wa uchaguzi."

"Nani alikushauri?" daktari aliuliza.

"Nilijishauri mwenyewe."

"Na wewe udaktari umesomea wapi?"

"Kwenye makochi," alisema, kwa sauti ndogo, na daktari akashindwa kujizuia, akacheka. Dada naye akacheka. Binti ndiye hakucheka. Alikuwa anafuta macho kwa kiganja. Mama yake akamvuta akae naye pale kitandani, wakabanana, nyaya na yote.

"Nilijua mtanikataza," alimwambia. "Ndiyo maana. Nimechoka kukatazwa."

"Nani amesema tunakukataza?" daktari akaingilia. "Moyo uliopasuliwa unahitaji mazoezi. Ila wewe umeupeleka kwenye mbio bila matayarisho, tena ukang'oa breki." Akamwandikia dozi ndogo zaidi, imezwe baada ya chakula cha jioni ili uzito upitie usingizini. Wiki kumi za kwanza angefanyia mazoezi pale hospitali, chini ya mtaalamu. Mapigo yasizidi mia na ishirini na tano. Akiona kizunguzungu, maumivu ya kifua, au moyo ukirukaruka bila mpango, asimame na aseme. "Na kama huiamini saa, jipime kwa mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, uko salama. Ukishindwa, punguza."

"Daktari," dada alisema, "huyu ukimtumbukiza majini, mapovu yatatoka na sentensi."

"Alishindwa kusema pale ukumbini," mumewe akajibu. Hakuwa amefungua kinywa asubuhi nzima, na wote wakamgeukia. "Mliniambia wenyewe. Mimi hilo ndilo lililoniondoa kwenye kochi."

Wiki kumi zilipita, karatasi ya daktari ikafika kwa kocha, na Mama Tiki akarudishiwa nafasi yake, ila mstari wa nyuma. Kocha aliandika fomu mpya, akawasomea wote kwa sauti kisa cha jino. Siku hiyohiyo watu saba walimfuata pembeni, mmoja mmoja, kurekebisha majibu yao. Mmoja alikuwa na presha, mwingine nyonga ya bandia, na mama yule wa mstari wa pili alikuwa na kisukari tangu ujana.

Mwezi uliofuata walipelekwa kupanda kilima kilicho nyuma ya matangi ya maji. Vijana walikimbia. Mama Tiki alipanda taratibu na mumewe, akizungumza toka chini: habari za wateja, za springi mbovu, za jirani aliyeoa tena. Kila alipoona sentensi inataka kumkatika, alisimama, akaimalizia, ndipo akaendelea. Waliokuwa nyuma yao waliomba njia, si kwa haraka, bali kwa masikio yaliyochoka.

Walifika juu wa mwisho kabisa. Kocha akaja mbio na daftari lake.

"Mama, unajisikiaje?"

"Najisikia njaa," alisema, akaketi juu ya jiwe, akaanza kufungua raba. "Na huyu mzee bado hajaniambia lile la jirani analionaje."