Kitenzi Kilichokula Maharage Yetu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Shule niliishia darasa la tano, lakini leo nina magari matatu ya mizigo na nyumba mbili Bulengera, na waasi wa kila rangi nimewaona wakipita. Ila nikisikia harufu ya maharage yaliyoanza kuliwa na wadudu, hasira ya zamani inanipanda. Namkumbuka Tata, baba yangu, namkumbuka mwalimu, na lile neno lao la Kiingereza: "pick up".

Wakati wa uasi, Tata alinunua kahawa Vuhovi akaiuza mpakani Kasindi, kwa mnunuzi wa Uganda. Mnunuzi alisema Kiingereza tu, na mkalimani wa kati yao alimla Tata pesa vibaya. Basi akaniambia: siku utakapoweza kunisemea, utapanda lori pamoja nami. Jamani, lori hilo nililiota hata kanisani! Akatafuta mwalimu mmoja aliyekimbia vita upande wa Eringeti, wakapatana kisoko: kila neno, kopo moja la maharage.

Jumatatu mwalimu akaangusha chaki chini, akainama: "pick up" ni kuokota. Tata akalipa. Jumatano, neno lile lile: sasa ni kumpitia mtu kwake muende pamoja. Tata akalipa, uso umekunjamana. Ijumaa, eti ni biashara kuinuka baada ya kulala. Hapo Tata akasimama.

"Mwalimu, hii neno tulishainunua!"

"Njo ile ile, Papa, lakini iko na kazi ingine."

"Kazi ingine iko ya bure! Ukinunua mbuzi, unalipa miguu kando?"

"Basi, Papa, mbuzi njo ifundishe mutoto."

Akabeba mfuko wake, akaenda; maharage ya masomo yakabaki kwetu mpaka wadudu wakayaanza. Lori likaondoka bila mimi, na mkalimani akaendelea kunenepa. Nililia mpaka mama akanionyesha mwiko.

Ukubwani ndipo nilielewa. Mwalimu angeweza kutuuzia maneno matatu mapya, hata ya kubuni. Nani kwetu angejua? Yeye alitaka nishike moja, lakini nilishike lote. Na kuna maana hakuifikia: kujifunza jambo njiani, bila kufundishwa. Hiyo niliipata mwenyewe Kasindi, kwa matusi ya madereva na kwa hasara.

Mwaka jana binti yangu alitaka twende wote Kampala kununua vitambaa. Nikamwekea mwalimu wa Kiingereza. Wiki nzima, kitenzi kile kile! Nilifungua mdomo nigombane. Binti akanitazama. Nikaufunga, nikalipa hadi faranga ya mwisho: dola ishirini na nane, na faranga elfu moja mia tano.