Lada ya Zenebech Yapanda Entoto

Kwenye kijiwe cha teksi cha Shiro Meda, Lada ya bluu ya Zenebech ilikuwa na jina lake: Shuka Usukume. Kila ilipofika kwenye ile kona kali ya kupanda mlima Entoto, injini ilikata pumzi, na abiria waliovalia nguo nyeupe za kanisani wakateremka kuisukuma. Hebu fikiria aibu hiyo!

Gashe Wubshet, mzee msimamizi wa foleni, akachoka na lawama. "Binti, Jumatatu nakutoa mlimani. Nenda huko tambarare ukapakie vitunguu."

"Nipe mpaka Jumapili, Gashe. Nitakupandisha wewe mwenyewe na hilo tumbo lako!"

"Ukifika juu bila mtu kushuka, nitakupa heshima ya kukulisha tonge kwa mkono wangu mbele ya kijiwe kizima."

Mlima ndio uliomlisha Zenebech na mama yake. Akitolewa, kwisha habari. Akaenda soko la Merkato kwenye vyuma chakavu, akang'ang'ania bloku, lile bonge la chuma lenye silinda, ya Lada yenye injini kubwa. Injini ile na yake ni ndugu wa tumbo moja: silinda nne zote, na boliti zinaingia matundu yaleyale. Ila bloku hii ilikuwa ndefu kidogo, ili pistoni zishuke zaidi na kuvuta kwa nguvu. Akaifunga, juu yake akarudisha silinda hedi yake ya zamani, kile kifuniko chenye vali. Ikakaa vizuri. Akachukua na cheni yake ya zamani, ile inayotoka chini ya injini kuzungusha gia ya vali huko juu. Lo! Haikufika gia ya juu.

Madereva waliokuwa wakichungulia wakaangua kicheko. "Imwagilie maji, huenda ikakua!"

Uso ukamwaka moto. Kisha akacheka mwenyewe. "Mjinga mimi! Ndugu mfupi na mrefu wataazimana kofia, lakini suruali?" Akarudi Merkato kutafuta cheni ya yule mrefu.

Jumapili Gashe akaketi mbele, nyuma mashemasi watatu wenye miili yao. Lada ikapanda. Kona ilipokaribia, Gashe, kwa mazoea, akafungua mlango na kutoa mguu nje.

"Funga mlango, Gashe, unatuingizia baridi!"

Gari likapita kona likinguruma bila kusita, na Zenebech akapiga vigelegele mpaka kanisani kwa Mariamu.

Waliporudi kijiweni, injera, ule mkate mpana mwembamba, ilikuwa tayari na mchuzi wake. Gashe akakunja tonge kubwa makusudi, akamjaza mdomo hadi akashindwa kusema. Zenebech akatafuna taratibu, akameza, akafungua mdomo tena. Kwa desturi yao mtu halishwi tonge moja tu, na Gashe akakunja la pili.